Kulala Mbele ya Kisu

Kisenyi, Kampala
4 Februari 2024

Kwa binti wa ndugu yangu, Daktari Nabalayo, Eldoret.

Salamu kutoka kwa Baba yako Mkubwa Nashon, mpiga rangi wa magari namba moja Kisenyi yote, na mtu akisema mimi ni namba mbili mwambie aje hapa gereji aniangalie usoni akisema. Mimi ni mzima. Mama yako Mkubwa Vera ni mzima, anauza mihogo ya kukaanga pale Kasubi karibu na nyumba na anazidi kunenepa, lakini usimwambie nimesema. Kuku wametaga. Mvua bado. Wewe je? Mama yako kule Bungoma je? Hiyo kazi ya kuchungulia nyama za watu kwenye kioo inaendelea?

Barua hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Shule niliacha darasa la tatu, herufi nilizijua kwa kuandika majina ya watu kwenye milango ya malori, ndiyo maana unaziona zimesimama wima kama askari. Utauliza kwa nini sipigi simu. Simu ni ya salamu. Hapa ukishika simu gereji nzima inazima mashine isikilize, na hili jambo langu si la gereji.

Jambo lenyewe ni dogo. Mwisho wa mwaka jana nilianza kukojoa nyekundu, kama oksidi ile tunayopiga kwenye chuma kabla ya rangi. Haikuuma. Kitu kisichouma mwanaume hatangazi. Ni Vera aliona chooni akapiga kelele mpaka majirani wakaja na maji wakidhani moto. Nikaenda hospitali, wakapitisha mpira wenye tochi mahali siwezi kumwandikia binti, wakaona uvimbe ndani ya kibofu, wakaukwangua. Safi kabisa. Sasa mimi kukwangua nakujua. Ukikwangua kutu vizuri ukapiga oksidi, gari inaishi. Kwa hiyo nimepona.

Shida ni Vera, haniachi nile. Nikamwambia daktari, nipe kipande, kuna damu yangu inafanya kazi hiyo huko Eldoret. Amenipa nyama yangu imekaa ndani ya nta, kadogo hivi kama kipande cha sabuni ya hoteli. Anakuletea Oyat, kondakta wa basi, mtu mwaminifu. Iangalie, kisha mwandikie Vera kwamba imeisha. Andika kwa herufi kubwa.

Ni mimi Baba yako Mkubwa, mwenye nguvu,
Nashon


Eldoret
2 Machi 2024

Baba Mkubwa mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima, wewe na Mama Mkubwa Vera. Sisi tuko salama. Mwanangu ameng'oka meno ya mbele na anataka uone pengo lake. Mama amemaliza kulima, anangoja mvua. Anasema bado anakumbuka ulivyomaliza ile sufuria ya kuku Krismasi ukasema umeonja tu.

Mzigo ulifika. Oyat aliubeba kwenye mfuko wa shati, akaniambia ulimweleza kwamba ni dawa ya meno.

Nimeikata nyama yako vipande vyembamba kuliko karatasi ya Biblia, nikavipaka rangi (nasi tunapaka rangi, usijivune peke yako), nikaviweka chini ya hadubini. Kisha nikamwita mkubwa wangu aangalie bila kumwambia ni ya nani. Ameona nilichokiona. Siwezi kumwandikia Mama Mkubwa kwamba imeisha.

Nitakueleza polepole. Mwilini kuna seli ambazo kazi yake ni kufuma nyuzi zinazoshikanisha nyama na nyama. Tunaziita seli za tishu unganishi. Ukijikata kidole ndizo zinazokuja kufuma kovu, na zikimaliza hutulia. Pembeni mwa uvimbe wako hazikutulia. Zimekuwa nyingi, zimeuzunguka, na zimebadilika tabia. Zinaujengea ukuta ili askari wa mwili wasiufikie, na zinaupelekea vitu vya kuukuza. Wagonjwa waliofuatiliwa na watafiti, wale waliokuwa na seli hizi kwa wingi, mara nyingi uvimbe wao ulirudi mapema na ukasonga mbele zaidi kuliko wa wenzao. Haimaanishi ndivyo itakavyokuwa kwako. Inamaanisha tusikae.

Na kuna jambo la pili, tena ndilo kubwa. Nimeona uvimbe umeingia ndani ya msuli wa kibofu. Huko kukwangua hakufiki. Daktari wako lazima aliliona na kuliandika. Baba Mkubwa, ulinitumia nyama, hukunitumia karatasi. Karatasi iko wapi?

Binti yako,
Nabalayo


Kisenyi
7 Aprili 2024

Daktari Nabalayo,

Barua yako imenikuta nimesimama juu ya bonati ya lori, na sikushuka kuisoma. Hapa mvua imekuja yote kwa siku moja, mfereji wa sokoni umebeba viti vya Mama Moreen wa chai na chai yenyewe. Vera anakusalimu. Barua nimemsomea, sehemu zingine.

Hizo seli zako nimezielewa haraka sana, usidhani mzee ni mti. Hapa tuna wezi wa vioo vya pembeni vya magari. Mwizi wa kioo haishi peke yake, mwanangu. Kuna anayempa pa kulala, kuna anayemfichia vioo chini ya mikeka, na polisi akitokea kuna wa kupiga mluzi. Ukimkamata mwizi ukawaacha hao, kesho kioo kinatoka tena. Kumbe hata kibofuni mwangu kuna mtaa wa namna hiyo. Ninachoshangaa ni kwamba majirani wamenigeuka mimi. Mimi! Mtu ambaye hapa matajiri wa Kisomali wananisalimia kwanza!

Karatasi ipo. Ilikuwa chini ya godoro. Ndiyo, ilisema msuli. Daktari anataka kutoa kibofu chote, atoboe tundu tumboni, mkojo utokee hapo uingie kwenye kavera. Unajua kavera? Huku ndiyo mfuko wa plastiki wa kubebea nyanya. Mzee kama mimi nitembee Kasubi na kavera kiunoni, watoto waulize nimeleta nini.

Lakini hata hiyo niliimeza. Usidhani naogopa kisu. Mimi ni Mbukusu wa rika la Chuma, nilitahiriwa Agosti 1966, matope ya mto yamekauka kichwani, nikasimama natazama mbele, na jicho halikupepesa. Shangazi zangu walipiga vigelegele ng'ombe wakakata kamba. Muulize mtu yeyote aliyebaki. Kwa hiyo nilimwambia daktari, sebo, yaani bwana, kata. Ila silali. Akasema lazima nipigwe nusukaputi. Nikamwambia Mbukusu hakatwi amelala kama mbuzi wa sherehe. Mtu analala mbele ya kisu, akiamka atawaambia watu alifanya nini? Daktari akacheka. Nikavaa kofia yangu nikaondoka.

Sasa wewe uliyeona hao majirani kwa macho yako, sema bila kuzunguka. Nina Krismasi ngapi?

Nashon


Eldoret
28 Aprili 2024

Baba Mkubwa,

Sote wazima, mvua imefika. Sasa nisikilize.

Kisu cha 1966 kilipita kwa muda wa mtu kukohoa. Hiki kinaanza watu wakinywa chai ya asubuhi, na kinamalizika watu wamekwisha kula chakula cha mchana. Tumbo la mtu aliye macho hujikaza lenyewe, hata mwenyewe akiliamuru litulie, na daktari hawezi kupitisha mkono. Misuli yako hailijui rika lako. Hakuna hospitali itakayokukata macho wazi, hapa wala huko, na atakayekubali mkimbie.

Hesabu ya Krismasi sikupi. Sifichi. Hesabu zile ni za umati wa watu, na wewe ni mtu mmoja. Nitakuambia ninachoweza kukisema bila kusita: ukikatwa sasa, una nafasi ya kweli ya kupona. Ukingoja, nafasi hiyo inaliwa kila wiki. Na kwa zile seli nilizoziona, sidhani huo uvimbe ni wa aina ya kungoja.

Kavera nitakuja kukufundisha kuifunga mimi mwenyewe. Shati likiwa juu hakuna atakayejua mpaka umwambie, na wewe ninavyokujua utawaambia wote.

Lakini sidhani ugomvi wako ni na kisu wala na kavera. Baba yangu aliingia chumba cha upasuaji nikiwa na miaka minne. Mama haliongelei jambo hilo. Wewe ndiye uliyekuwa naye. Katika barua zote ulizowahi kuniandikia tangu nikiwa shuleni, hujawahi kuandika jina lake. Unaandika "ndugu yangu" tu.

Nabalayo


Kasubi
30 Juni 2024

Mwanangu,

Barua yako ilikaa. Si kwamba ilipotea. Oyat aliileta vizuri, ila nilikuwa na kazi nyingi, magari ya harusi, basi la kwaya, unajua tena bila mimi hawawezi. Leo Vera amekwenda kanisani. Kuku mmoja ameliwa na mbwa. Mihogo imepanda bei.

Wamalwa.

Haya, nimeliandika.

Alikuwa na ngiri, ugonjwa wa kawaida. Ilikuwa hospitali ndogo ya huko nyumbani. Mlangoni alivua viatu akanipa, akasema Nashon nishikie, nikitoka tunaenda kula nyama na wewe ndiye unalipa. Huyo alikuwa mcheshi kunizidi, hilo ndilo jambo la pekee alilonizidi. Nikakaa kwenye benchi na viatu mapajani. Daktari alipotoka alisema ngiri imeshonwa vizuri sana. Kisu hakikumfanyia kitu Wamalwa. Ni usingizi ndio haukumrudisha.

Wewe ulikuwa unacheza barazani hapo hospitali na mama yako. Ukaja ukavichukua viatu kutoka mikononi mwangu, ukaingiza miguu, ukawa unatembea navyo mbele ya watu, kwa kwa kwa, unacheka. Hakuna mtu aliyekuwa na nguvu ya kukuvua.

Kwa hiyo usiniambie habari ya misuli. Mimi nikiwa macho, kitu chochote kinachokuja nitakiona na tutapigana. Nikilala, nani atapigana?

Sijasema naogopa. Soma tena, hakuna mahali nimeandika hivyo.

Damu imerudi. Oksidi tupu. Vera hajui.

Nashon


Eldoret
6 Julai 2024

Baba Mkubwa mpendwa wangu,

Nimesoma nikiwa nimekaa kwenye ngazi za maabara, na watu wakawa wananiruka. Asante. Nilikuwa na kumbukumbu ya sauti ile ya viatu na sikujua ni ya nini.

Safari hii Mama amefungua mdomo. Ameniambia kwamba siku ile aliyemlaza Baba ndiye huyo huyo aliyemkata. Mtu mmoja, mikono miwili. Aliyekuwa anaangalia pumzi ya Baba alikuwa ameinama kwenye ngiri.

Unauliza ukilala nani atapigana. Siku hizi yupo mtu wa kazi hiyo tu. Hashiki kisu. Anakaa kichwani mwako tangu mwanzo hadi mwisho, anaangalia pumzi, moyo na damu, na daktari mkataji akikosea hata kwa ukucha yeye ndiye wa kwanza kumfokea. Nimeulizia hospitali yako. Anayefanya kazi hiyo anaitwa Estelle, ni Mkongo wa Bukavu, kwa hiyo mtagombana kwa Kiswahili bila mkalimani. Nimeongea naye kwa simu. Anakungoja.

Sitakudanganya kwamba usingizi ule hauna hatari. Unayo, ndogo. Uvimbe wako unayo kubwa, na inakua. Nenda umuulize Estelle kila kitu. Ukitoka pale bado hutaki, sitakuandikia tena juu ya jambo hili, nitakuandikia habari za mahindi.

Mwambie Mama Mkubwa kuhusu damu. Leo.

Nabalayo


Kisenyi
21 Julai 2024

Daktari,

Vera nilimwambia. Alinitukana kwa lugha tatu, halafu akanipikia samaki mzima wa ziwani Ggaba, kichwa chote changu. Kwa hiyo tuko wazima.

Nilikwenda kwa huyo Estelle. Nilivaa suti. Mwanamke mfupi, mikono minene kama ya fundi, nikamheshimu hapo hapo. Akasema, "Papa Nashon, karibu. Nimeambiwa uko na mdomo."

Nikamwambia, "Mdomo ninao na masikio ninayo. Mama, umewahi kulaza mtu asiamke?"

Hakucheka. Akavuta kiti. "Kwa mikono yangu, hapana. Lakini nilisimama pale mwenzangu alipompoteza mmoja, bado kijana. Ndiyo maana mimi sitoki kitini, Papa. Hata chai sinywi."

Hilo jibu nilipenda. Angesema usijali mzee, ningevaa kofia.

Nikauliza, "Na wewe ukisinzia?"

"Nikisinzia naangalia uso wako. Huo hata Mungu hawezi kusinzia mbele yake."

Nilicheka mpaka pale chini pakauma. Nikataka kuona mashine. Akanionyesha, bomba la pumzi, taa ya moyo, kengele inayolia kitu kikienda vibaya. Nikamwambia abonyeze kengele nisikie kama inalia kweli. Akabonyeza, manesi wawili wakaja mbio. Akasema, "Mmeona? Wakenya wanabishana hata na mashine." Nikamwambia rangi ya hiyo mashine imebanduka pembeni, nitaipiga bure. Akasema, "Kwanza pona, Papa. Mashine haina haraka."

Basi nimekubali. Kuna dawa ya dripu wanayompa mtu kwanza kuupunguza uvimbe, wamesema figo zangu haziiwezi, kwa hiyo ni moja kwa moja kisu. Tarehe ni 12 Agosti. Umeona? Agosti, na mwaka huu ni wa tohara kule nyumbani. Vijana wa Bungoma wote watakuwa mtoni wanapakwa matope, na mimi naingia msimu mmoja na wao katika umri huu. Hakuna mzee mwingine wa Kibukusu atakayesema hivyo.

Njoo. Sio kwamba nahitaji mtu. Vera ndiye anahitaji mtu wa kukaa naye kwenye benchi.

Nashon, wa rika la Chuma


Eldoret
8 Septemba 2024

Baba Mkubwa,

Nilirudi salama. Mwanangu ananiuliza kila siku kama kweli umeniruhusu kukufunga kavera, na nimemwambia umeniruhusu mara moja, mara ya pili ukawa unanifundisha wewe.

Majibu yametoka Kampala, na vioo vya nyama yako nimevipitia mwenyewe. Keti kwanza. Kingo zote za nyama waliyokata ni safi. Matezi yote waliyotoa ni safi. Zile seli bado nimezikuta palepale, zimeuzunguka uvimbe vilevile, zimeushikilia, lakini sasa zote pamoja na rafiki yao ziko ndani ya ndoo ya maabara. Utakwenda kupimwa kila baada ya miezi mitatu, na hapo sitaki kusikia habari za magari ya harusi. Kansa hii nimeiona ikirudi kwa watu wenye kingo safi. Nimeiona pia isirudi. Wewe umefanya sehemu yako yote.

Kuna jambo linanisumbua. Siku ile Estelle alipokuwa anakuamsha nilikuwa mlangoni. Aliita, "Papa Nashon!" Kimya. Akaita tena, akakupiga kofi begani. Kimya. Nilishika ukuta. Yeye akageuka akaniambia, "Anapumua vizuri, ananisikia. Ni mkaidi tu." Akaita tena, ndipo ukafungua macho ukasema kwa Kibukusu kitu ambacho sitakiandika.

Ulikuwa unatusikia?

Nabalayo


Kasubi
29 Septemba 2024

Kwa Nabalayo binti Wamalwa,

Nimekaa kama ulivyosema, ingawa majibu nilisoma nimesimama. Vera amelia, amecheka, amekwenda kumwambia mchungaji. Kavera naibadilisha mwenyewe, naifunga upande wa kulia chini ya shati, imekaa sawa kuliko walivyofunga manesi. Ni kweli nimewaonyesha watu kadhaa. Gereji nzima. Kuna mzee mmoja anaitwa Oloya, fundi wa spring, alikuwa anakojoa nyekundu kimya kimya tangu Pasaka, aliona ya kwangu akaniita pembeni ya makontena. Jana nimempeleka kwa daktari. Ameuliza kama inauma kulala. Nimemwambia amuulize Estelle, kisha amuulize rangi ya mashine yake kapiga nani.

Kupimwa nitakwenda. Hesabu ya Krismasi usiniambie tena hata nikikuuliza.

Uliuliza kama niliwasikia. Nilisikia, mara ya kwanza na ya pili. Haukuwa ukaidi. Nilikuwa bado natafuta. Miaka hii yote nilijua Wamalwa yuko ndani ya ule usingizi, amekaa mahali, ameitwa akakosa njia ya kutoka, na mimi nikiingia nitamkuta. Kwa hiyo niliangalia vizuri, na macho yangu unayajua, naona mkwaruzo kwenye gari jeusi usiku. Hayuko huko, mwanangu. Huko hakuna mtu aliyekwama. Hakuna baridi, hakuna giza la kutisha, ni usingizi tu. Nilipohakikisha, nikafungua macho nije nikuambie.

Baba yako Mkubwa,
Nashon